Ndege Ikianguka, Nani Anauliza Nini? Kijitabu cha Abiria Kuhusu Usalama wa Anga

Ndege ikitoka Dar es Salaam kwenda Dubai, rubani huzungumza na waongoza ndege wa Nairobi, kisha Mogadishu, kisha Muscat. Hajawahi kuonana nao, na huenda hawatakutana kamwe. Hata hivyo kimo anachotajiwa kinapimwa kwa namna ile ile, maneno ya redioni ni yale yale, na leseni iliyomo mfukoni mwake inakubalika kila anapopita.

Utaratibu huo ulianza kuandikwa wakati Vita Kuu ya Pili haijaisha. Tarehe 7 Desemba 1944, mataifa 52 yalitia saini Mkataba wa Chicago, na Aprili 1947 likazaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal, Kanada. Leo wanachama ni 193. Mkataba una viambatisho 19 vinavyogusa kila kitu, tangu leseni za marubani hadi taa za uwanjani. ICAO haina polisi, na haiwezi kumpokonya mtu leseni. Inaweka viwango, na nchi inayoshindwa kufuata kiwango fulani inapaswa kuwaeleza wenzake kwamba imeshindwa. Mengine yote ni kazi ya kila serikali nyumbani kwake.

Kijitabu hiki kinashughulika zaidi na Kiambatisho cha 13, kinachohusu uchunguzi wa ajali. Ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote, na ndicho kinachowakera wafiwa kuliko vyote.

Uchunguzi usiotafuta wa kumfunga

Kiambatisho cha 13 kinatamka wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine. Kugawa lawama hakumo. Mtu aliyetoka kumzika ndugu yake akiambiwa hivyo anaona kama anatukanwa, na tunamwelewa. Lakini tazama yaliyotokea Ulaya mwaka 2002.

Usiku wa tarehe 1 Julai, juu ya mji wa Überlingen kusini mwa Ujerumani, ndege mbili zilikuwa zikikaribiana katika kimo kimoja. Moja ilikuwa Tupolev ya Urusi iliyojaa watoto wa shule waliokuwa wakienda likizo Hispania. Nyingine ilikuwa Boeing ya mizigo yenye marubani wawili tu. Sehemu hiyo ya anga iliongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Mwongoza ndege aliipa Tupolev amri ya kushuka. Kifaa cha kuzuia migongano kilichomo ndani ya Tupolev kikawaambia marubani wapande. Wao wakamtii binadamu, wakashuka. Boeing nayo ilikuwa inashuka, kwa sababu kifaa chake kiliiambia ishuke. Watu wote 71 walikufa.

Ukiuliza nani alikosea, jibu linakuja upesi: mtu wa Zurich. Mwanamume mmoja aliyempoteza mke na watoto wawili katika ajali hiyo alilifikia jibu hilo, na Februari 2004 akamfuata mwongoza ndege huyo nyumbani kwake, akamchoma kisu hadi kufa.

Wachunguzi wa Ujerumani waliuliza swali jingine: ilikuwaje mtu mwenye ujuzi akatoa amri ile? Hapo mambo yakaanza kutoka moja baada ya jingine. Usiku ule alikuwa amebaki peke yake, mwenzake amekwenda kupumzika, na ilikuwa mazoea kazini kwao kufanya hivyo. Alikuwa akihudumia vioo viwili vya rada kwa wakati mmoja, kwa sababu kulikuwa na ndege nyingine iliyochelewa na ilitaka kutua kwingine. Mitambo ilikuwa kwenye matengenezo, hivyo onyo la mgongano halikufanya kazi kama kawaida. Simu kuu ilikuwa imezimwa, na ya akiba ilikuwa mbovu. Waongoza ndege wa kituo jirani cha Karlsruhe waliiona hatari kwenye rada yao, wakapiga simu, haikupita.

Juu ya hayo yote, kanuni za kimataifa zilikuwa na utata: kifaa kikisema panda na mnara ukisema shuka, umsikilize nani? Kosa la aina hiyo hiyo lilikuwa limeshatokea Japani, Januari 2001, ndege mbili za abiria ziliponusurika kugongana na watu wapatao 100 wakaumia kutokana na mtikisiko wa kukwepana. Ripoti ya Japani ilitoka Julai 2002, siku chache baada ya Überlingen. Tunaitaja kwa sababu inauma: somo lilikuwepo, lilikuwa bado linaandikwa.

Leo kila rubani anafundishwa kwamba kifaa kikitoa amri, amri hiyo ndiyo inayofuatwa, na mnara unaarifiwa baadaye. Kanuni ya ICAO iliandikwa upya. Kumshtaki mtu mmoja kusingetoa badiliko hilo. Na isidhaniwe kwamba sheria ililala: mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani watumishi wanne wa kampuni iliyoendesha kituo kile. Ila kesi ilienda njia yake na uchunguzi njia yake, kama Kiambatisho cha 13 kinavyotaka.

Wanaokaa mezani

Nchi ambako ndege imeanguka ndiyo inayoongoza uchunguzi. Nchi ndege ilikosajiliwa, nchi ya kampuni inayoiendesha, nchi iliyoisanifu na nchi iliyoiunda zote zina haki ya kutuma wawakilishi. Ndiyo maana ajali ikitokea Afrika utawaona Wamarekani au Wafaransa uwanjani. Hawakuja kuingilia, wana kiti chao kisheria.

Jumapili, tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na Bishoftu na kuua wote 157. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Miezi mitano nyuma, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imetumbukia bahari ya Java pamoja na watu 189.

Ethiopia iliongoza uchunguzi. Visanduku vyeusi (ambavyo kwa kweli hupakwa rangi ya chungwa ili vionekane haraka kwenye mabaki) vilipelekwa Ufaransa kusomwa. Marekani ilishiriki kwa kuwa ndiyo iliyosanifu na kuunda ndege. Kilichoonekana katika ajali zote mbili ni programu iliyokuwa ikiisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kihisi kimoja tu. Kihisi kikitoa taarifa ya uongo, programu iliiamini, na kila marubani walipoinyanyua pua, iliishusha tena.

China na Ethiopia zilizizuia ndege hizo kuruka siku iliyofuata. Ulaya ikafuata. Marekani, iliyokuwa imeipa ndege cheti, ilisubiri hadi tarehe 13 Machi. Kwa miongo mingi dunia ilizoea kuingoja Washington iamue kwanza, na safari hii haikungoja. MAX hazikuruhusiwa kurudi angani Marekani hadi Novemba 2020, zikiwa na programu inayolinganisha vihisi viwili na marubani waliofunzwa upya.

Ripoti ya mwisho ya Ethiopia ilitoka Desemba 2022. Wachunguzi wa Marekani walikubali kwamba programu ilihusika, lakini wakasema mwenendo wa marubani haukupewa uzito wa kutosha, tena maoni yao hayakuambatishwa inavyotakiwa. Wakayachapisha wenyewe. Wafaransa nao walikuwa na yao. Baadhi ya magazeti yaliuita ugomvi. Sisi tunaona afadhali hivyo, kwa sababu msomaji anaweza kuzisoma pande zote, na kampuni iliyounda ndege haiwezi kuchagua ipi isomwe.

Somo kufika si somo kushika

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga wa abiria haikutokea angani. Tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan Am ya Marekani, ziligongana ardhini katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, katikati ya ukungu. Waliokufa ni 583. Rubani mkuu wa KLM alianza kukimbiza ndege akidhani ameruhusiwa kuruka. Fundi wa ndege aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa kazini, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Fundi akanyamaza.

Kutokana na Tenerife, maneno ya redioni yalibanwa: neno la kuruka halitamkwi na mnara wala rubani ila pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Tangu mwaka 2008 ICAO inawataka pia marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wafikie daraja la 4 kati ya 6 la ufasaha wa Kiingereza. Na baada ya Tenerife yakaanza mafunzo ya kuwazoesha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza.

Miaka 30 ikapita tangu Tenerife. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliruka Douala, Kamerun, kwenye hali mbaya ya hewa, ikaegemea upande wa kulia polepole bila marubani kugundua, ikaanguka na kuua wote 114. Ripoti ya Kamerun ilitaja rubani mkuu aliyepoteza mwelekeo gizani, na ushirikiano hafifu kati yake na msaidizi wake. Kwetu, ambako kijana hukatazwa kumkatiza mzee maneno, mafunzo haya yana kazi ngumu kuliko Uholanzi. Usishangae mashirika ya ndege yakiwarudisha marubani wao darasani kila mwaka.

Nani anaikagua serikali?

Tangu mwaka 1999 ICAO huzikagua nchi zote wanachama. Haikagui ndege. Hutazama kama nchi ina sheria, ina wakaguzi wa kutosha, inatoa leseni kwa kufuata kanuni, inachunguza ajali zake. Matokeo huwekwa hadharani.

Marekani ina kipimo chake. Kenya ilipewa daraja la kwanza Februari 2017, na Oktoba 2018 ndege za Nairobi zikaanza kutua New York moja kwa moja. Umoja wa Ulaya, tangu 2006, una orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kwenye anga yake. Mashirika yote yanayopewa vyeti na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yamo kwa miaka mingi. Air Tanzania iliingizwa Desemba 2024, na Juni 2025 yakaongezwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania.

Orodha hiyo haisemi kwamba ndege fulani itaanguka kesho. Inasema kwamba Ulaya haina imani na macho ya serikali inayoisimamia ndege hiyo. Hasara kubwa iko kwa abiria wa ndani: mtu wa Goma anayetaka kufika Kinshasa hana orodha ya kuchagulia wala barabara ya maana ya kumfikisha.

Shida ya wakaguzi ni ya eneo zima. Mkaguzi mzuri ni rubani au fundi mzoefu, na mashirika ya ndege humlipa vizuri kuliko serikali, basi huondoka. Ndiyo sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki iliunda wakala wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, mwaka 2007, yenye ofisi Entebbe, ili nchi wanachama zifanane kanuni na kuazimana wakaguzi.

Kwa nini mhudumu anasema vile

Kila sentensi ya mhudumu wa ndege kabla ya kuruka ina ajali nyuma yake.

Novemba 1996 ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, na rubani akaishusha baharini karibu na Ngazija, Komoro. Wengi walinusurika kishindo cha kuanguka. Kisha maji yakaingia, na waliokuwa wamekwisha kujaza hewa majaketi ya kujiokoa wakiwa ndani ya ndege wakaelea hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuifikia milango. Kwa jumla walikufa 125 kati ya 175. Jaketi livae ukiwa kitini, lakini kamba ya kulijaza hewa ivute ukiwa mlangoni unatoka.

Taa ndogo za sakafuni zinahusiana na ajali ya Manchester ya Agosti 1985, ndege ilipowaka moto ikiwa bado ardhini na kuua 55, wengi wao kwa moshi. Moshi hupanda juu. Ukiwa umeinama, taa za chini ndizo utakazoziona.

Mizigo iache. Ndege kubwa haipati cheti mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango. Katika hesabu hiyo hakuna anayebeba begi. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani na kushika moto. Watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Ndani ya ile kubwa walikuwamo 379, wakatoka wote, na picha zinaonyesha watu wakiteleza mikono mitupu.

Na kabla ya kukaa, hesabu viti kutoka ulipo hadi mlango wa dharura ulio karibu, mbele na nyuma. Ukishamaliza kuhesabu, endelea na simu yako.

Kwa familia iliyofikwa na ajali

Ripoti ya awali inatakiwa kutolewa ndani ya siku 30. Itakuwa fupi, yenye mambo yaliyothibitishwa tu, na haitaeleza chanzo. Ripoti ya mwisho inatakiwa ndani ya miezi 12 inapowezekana. Ikichelewa zaidi ya hapo, nchi inayochunguza inapaswa kutoa taarifa ya maendeleo kila mwaka ajali inapotimiza mwaka, na mna haki ya kuiulizia.

Msingoje ripoti ili kudai fidia. Kwa safari za kimataifa zinazotawaliwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, hamhitaji kuthibitisha uzembe wa shirika kwa sehemu ya kwanza ya fidia, ambayo kikomo chake tangu Desemba 2024 ni SDR 151,880, kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Juu ya hapo shirika linaweza kujitetea kwamba halikuzembea. Msitie saini karatasi ya kukubali malipo ya mwisho kabla wakili wenu hajaisoma. Kesi yenyewe lazima ifunguliwe ndani ya miaka miwili, ikihesabiwa tangu siku ambayo ndege ilipaswa kufika.