Mtoto Anasoma, Lakini Je, Anaelewa?

Ndugu wanakikundi, huku kwetu Kanyangi tunaona jambo moja. Mtoto anasoma Kiingereza kwa sauti, mstari baada ya mstari, na mzazi anafurahi. Muulize hadithi inasema nini. Kimya!

Kwa utaratibu wa nchi, gredi ya 1 hadi ya 3 mtoto hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, na Kiingereza ni somo mojawapo. Akifika gredi ya 4, hata hesabu na sayansi huja kwa Kiingereza. Aliyekuwa akikariri tu hukwama hapo.

Basi kabla ya kufungua kitabu, zungumzeni kwanza. Hadithi ikiwa ni ya mbuzi, mtoto aeleze kwa Kikamba: mbũi hula nini, hulala wapi? Halafu aonyeshwe picha, alisikie neno "goat", alitamke, ndipo alisome. Maneno mapya manne au matano yatosha. Akimaliza, asimulie hadithi yote kwa Kikamba. Hapo hata nyanya yake asiyejua kusoma atatambua kama ameelewa.

Na msimcheke akisema "mbook" badala ya "book". Kikamba hakina b isiyotanguliwa na m, kwa hivyo ulimi unafuata mazoea, kusoma amesoma. Mrekebisheni sentensi ikiisha, si katikati. Sisi wenyewe tulichekwa, na wengine wetu mpaka leo hatusomi mbele ya watu.

Siku ya mwethya, tengeni nusu saa, watoto waje na vitabu vyao.