Kabla hujalaumu mbegu ya soya, ng'oa mzizi uutazame



Leo tunashuka chini ya ardhi. Vijana wengi wanaolima soya kibiashara huniuliza kuhusu majani, wadudu na bei. Wanaouliza kuhusu mizizi ni wachache sana. Na mimi zamani nilikuwa hivyo hivyo. Hasara yake sikuilipa mimi, waliilipa vijana walioniamini.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Kikundi cha vijana kilikodi ekari tatu, kikanunua mbegu ya soya kwa mfanyabiashara mmoja, magunia yasiyo na lebo. Wakaniuliza, "Afisa, tununue mbolea gani?" Nikawajibu kwa kujiamini kabisa: "Soya haihitaji mbolea ya kukuzia, inajitengenezea yenyewe." Wiki ya sita shamba lote likawa la njano. Ng'ambo ya njia, mama mmoja alikuwa na soya ya kijani imeshiba. Udongo ule ule, mvua ile ile. Tukang'oa miche ya pande zote mbili. Mizizi ya mama ilikuwa imejaa vinundu. Ya vijana ilikuwa mieupe, safi, haina hata kimoja. Msimu ule hawakurudisha hata pesa ya kukodi shamba.

Nilichowaambia kilikuwa nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo somo la leo.

Jeni ni nini?

Jeni ni maelekezo ambayo mmea unarithi kwa wazazi wake. Soya ina jozi 20 za kromosomu, na ramani ya jeni zake iliyochapishwa mwaka 2010 ilionyesha jeni zaidi ya 46,000. Humo ndimo yalimo maelekezo ya mizizi: iende chini kiasi gani, itawanyike vipi, na ishirikiane na bakteria gani.

Jeni moja inaweza kufunga mlango

Naitrojeni ipo tele hewani, ila soya haiwezi kuichukua peke yake. Inahitaji bakteria wanaoitwa rizobia. Mzizi hutoa kemikali kwenye udongo, kama mtu anayeita. Bakteria wakisikia, nao hutoa ishara yao, yaani wanapiga hodi. Kwenye mzizi kuna kipokezi kinachoitambua hodi hiyo. Ikitambuliwa, mlango unafunguliwa, kinundu kinaanza kujengwa, na bakteria wanaishi humo wakitengeneza naitrojeni huku mmea ukiwalisha sukari.

Mwaka 1954 watafiti wa Marekani walieleza urithi wa soya isiyotoa vinundu kabisa. Sababu ilikuwa jeni moja, Rj1, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ndiyo inayotengeneza kipokezi hicho. Mmea hubeba nakala mbili za jeni hiyo. Ukiwa na nakala moja nzima, vinundu vinatoka. Nakala zote mbili zikiwa mbovu, bakteria watapiga hodi mpaka wachoke.

Ukichanganya soya yenye nakala nzima na ile yenye nakala mbovu, watoto wote wanatoa vinundu. Watoto hao wakijichavusha wenyewe, kati ya wajukuu wanne, kwa wastani watatu wanatoa vinundu na mmoja hatoi. Ubovu ulijificha kizazi kimoja, ukatokea kizazi kinachofuata.

Soya inayochagua na soya isiyochagua

Je, mbegu ya wale vijana ilikuwa na jeni mbovu? Hapana. Msimu uliofuata tulichukua mbegu iliyobaki, tukapanda mistari michache yenye chanjo ya rizobia na mingine bila chanjo. Yenye chanjo ilitoa vinundu vizuri tu. Maana yake mlango ulikuwa mzima, ila udongo ule haukuwa na bakteria ambao aina ile ya soya inawakubali.

Soya asili yake ni Asia ya Mashariki. Aina nyingi zilizozalishwa Marekani huchagua sana: zinataka bakteria maalumu, Bradyrhizobium japonicum, ambao kwenye udongo wetu mara nyingi hawapo au ni wachache. Ndiyo maana watafiti wa IITA kule Ibadan, Nigeria, tangu miaka ya 1970 walianza kuchanganya soya za Marekani zenye mavuno makubwa na soya za Asia zilizokuwa zikitoa vinundu kwa bakteria wa udongo wa Afrika. Matokeo yake ni aina zinazoanza na herufi TGx. Mojawapo, TGx 1740-2F, inajulikana Kenya kama SB19 na Malawi kama Tikolore. Yule mama alikuwa na mbegu ya ukoo huo.

Ila usije ukasema afisa kaniambia TGx haihitaji chanjo kamwe. Kwenye mashamba mengi hata hizo huongeza mavuno zikichanjwa, kwa sababu bakteria wa kienyeji hawatoshi au hawafanyi kazi kwa bidii.

Shika hili, ndilo kiini cha somo: jeni zinasafiri na mbegu, bakteria wanabaki kwenye udongo. Ukinunua mbegu iliyofanya vizuri kwa jirani wa wilaya nyingine, umenunua nusu ya mafanikio yake.

Majani yanahesabu vinundu

Hili huwashangaza wengi. Watafiti wa Australia miaka ya 1980 walipata soya iliyotoa vinundu kupita kiasi, mizizi imejaa kama shanga. Walipounganisha shina la mmea huo na mzizi wa soya ya kawaida, mzizi wa kawaida nao ukajaza vinundu. Yaani breki ilikuwa juu, kwenye majani. Jeni yake, GmNARK, ilitambuliwa mwaka 2003.

Je, soya ile ilizaa zaidi? La. Ilidumaa, kwa sababu kila kinundu kinakula sukari ya mmea. Kwa hiyo usitafute wingi wa vinundu tu, tafuta vinavyofanya kazi. Na ukimwaga urea nyingi mapema, mmea unaona naitrojeni ipo ya bure, unapunguza vinundu. Hapo umelipia kitu ambacho ungekipata hewani.

Urefu wa mizizi: jeni nyingi, na udongo una usemi

Kina na mtawanyiko wa mizizi havina jeni moja kama Rj1. Vinaendeshwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Kuna soya ya asili ya Japani, PI 416937, yenye mizizi mingi iliyotawanyika na inayochelewa kunyauka wakati wa ukame. Wazalishaji wa mbegu wa Marekani wameitumia kama mzazi.

Mizizi mirefu hufuata maji chini. Fosforasi nayo huwa nyingi zaidi kwenye udongo wa juu, hivyo mizizi inayotambaa juu huipata vizuri zaidi. Hakuna mzizi bora kwa kila shamba.

Tena jeni ni uwezo tu. Ukiwa na tabaka gumu chini kwa sababu ya kulima kina kile kile kila mwaka, mzizi ulioandikiwa kwenda chini utapinda na kwenda pembeni. Udongo wenye tindikali kali nao unaunguza ncha za mizizi. Hapo usilaumu mbegu.

Fanya hivi msimu huu

1. Nunua mbegu yenye lebo, ujue jina la aina. Bila jina huwezi kujua kama inachagua bakteria.
2. Kama shamba halijawahi kulimwa soya, tumia chanjo. Changanya kivulini, panda siku hiyo hiyo udongo ukiwa na unyevu. Jua linaua bakteria.
3. Weka mbolea ya fosforasi wakati wa kupanda. Vinundu vinaihitaji sana.
4. Soya inajichavusha yenyewe, hivyo unaweza kutunza mbegu yako bila aina kubadilika sana kama mahindi chotara. Ila usichanganye aina, na pima uotaji kabla ya kupanda.
5. Soya ikianza kutoa maua, chimba miche kumi sehemu mbalimbali za shamba. Usivute kwa mkono, vinundu vitabaki ardhini. Osha taratibu, pasua vinundu kwa kucha. Rangi ya waridi au nyekundu ndani ni kazi inaendelea. Nyeupe au kijani, hakuna kazi. Uvimbe usiobanduka kwa sababu ni mzizi wenyewe umevimba, hao ni minyoofundo, si vinundu.

Wale vijana bado wanalima soya. Siku hizi nikifika shambani kwao hawanisubiri niseme. Jembe liko tayari, na mche wa kwanza umeshachimbwa.