"Chema Chajiuza": Jina la Mfanyakazi katika Methali

Methali "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" hutumiwa mara nyingi kumkanya mfanyakazi anayejinadi. Usomaji huo unapuuza sarufi. Upatanisho wake ni wa ngeli ya KI-VI: kinachojiuza ni kitu, mtu hatajwi. Fundi cherehani wa Ruiru hushona mbele ya mteja, hivyo vazi na jina lake husifika pamoja. Kiwandani Thika, kopo la mananasi hupita mikononi mwa wengi, kisha hutoka na jina la kampuni. Hata kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ili ihimili chulebuni, ina jina la mahali ilikozalishwa, si la watafiti. Mfanyakazi wa namna hii akimweleza msimamizi alichokitenda kweli, methali haimhukumu.