Kutambua Viazi na Vitunguu Vilivyopigwa Mionzi: Mwongozo kwa Wakaguzi na Watunza Ghala

Mwongozo huu unawahusu wanaopokea na kukagua viazi mviringo, vitunguu maji na vitunguu saumu, mazao ambayo katika baadhi ya nchi hupigwa mionzi ili yasichipue ghalani. Kipimo kinachotumika ni kidogo, takribani grei 50 hadi 150. Kule Shihoro, kisiwani Hokkaido nchini Japani, viazi vilitibiwa hivyo kwa miongo kadhaa.

Kwanza, weka kando kipima mionzi cha mkononi. Zao lililopita mbele ya chanzo cha mionzi cha kobalti-60 halibaki na mionzi, na kifaa hicho kitasoma ile ya asili tu, ikiwemo ya potasiamu iliyomo ndani ya kiazi chenyewe. Vivyo hivyo, cheti cha mionzi cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) hujibu swali jingine, yaani kama shehena imechafuliwa. Wapo wanaokipokea kama jibu la maswali yote mawili, nao wanakosea.

Soma nyaraka. Kwa mujibu wa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, chakula kilichofungashwa lazima kiandikwe kwa maneno, karibu na jina lake, kwamba kimetibiwa kwa mionzi. Radura, alama ya kimataifa ya chakula kilichopigwa mionzi, pekee haitoshi. Kwa shehena isiyofungashwa, taarifa iwe kwenye hati za usafirishaji.

Nyaraka zisiposema kitu na shaka ikabaki, chukua sampuli. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: usioshe, usisugue, usimenye. Maabara inahitaji vumbi na udongo ulioganda kwenye ganda na mizizi, maana chembe za madini ya silika zilizomo hunasa nishati ya mionzi na kuitunza. Mwanga huifuta nishati hiyo kidogo kidogo, kwa hiyo chukua kutoka katikati ya gunia, si juu, na ufunge papo hapo kwenye mfuko mweusi. Kitunguu kilichopigwa brashi kikang'aa kwa ajili ya soko kinaweza kukosa chembe za kutosha. Chukua vingi zaidi.

Maabara huanza kwa kumulika sampuli kwa miali ya infraredi na kuhesabu mwanga unaorudi. Huo ni mchujo tu. Uthibitisho hupatikana kwa kutenganisha madini, kuyapasha joto na kupima mwanga yanaoutoa, kisha kuyapiga mionzi ya kipimo kinachojulikana na kuyapasha tena. Kwa kawaida, mwanga wa kwanza ukizidi sehemu ya kumi ya ule wa pili, na kilele chake kikiwa kati ya nyuzi 150 na 250 za Selsiasi, sampuli huhesabiwa kuwa imepigwa mionzi.

Ghalani unaweza kuweka tako la kitunguu majini uone kama mizizi itarefuka, au kukipasua utazame kama chipukizi la ndani limekuwa la kahawia. Dalili hizi zinatosha kukufanya utume sampuli, lakini hazitoshi kumshtaki mtu, kwani baridi na dawa za kuzuia uchipuaji nazo hulaza mazao.

Madini yakipungua mno, ripoti iseme kwamba kipimo hakikuwezekana, isiseme kwamba zao halikupigwa mionzi. Nusu ya sampuli ibaki gizani, imefungwa kwa lakiri, hadi mwenye mzigo aridhike au muda wake wa kukata rufaa uishe.