Nyota Changa Katika Wingu la Orion

Katika miezi ya Desemba na Januari tazameni mashariki mara giza liingiapo. Mtaona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja kama askari. Hizo ni za kundi liitwalo Orion. Kusini yake ziko nyota nyingine ndogo, na ile ya katikati ina ukungu. Ukungu huo ni wingu kubwa la gesi na vumbi, lililo mbali nasi yapata miaka ya nuru 1,350. Humo nyota zinazaliwa hata sasa.

Kuziona nyota hizo changa si kazi rahisi, kwa sababu mbili. Kwanza, wingu lenyewe lang'aa, kwa kuwa nyota kali zilizo katikati yake huiwasha gesi. Basi nyota dhaifu humezwa, kama koroboi iliyowekwa karibu na karabai. Pili, vumbi huzuia nuru, na nyota iliyo changa kabisa ndiyo iliyofunikwa na vumbi zaidi.

Njia ya kushinda matatizo hayo ilianza mwaka 1800, huko Uingereza. William Herschel aliipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto penye kila rangi. Alipokiweka kimoja nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana nuru yoyote, joto lilipanda. Miali hiyo isiyoonekana ndiyo tuiitayo infraredi. Hupenya vumbi kuliko nuru ya kawaida. Tena hutoka hata katika kitu cha moto kisichong'aa: pasi ya makaa haiwi nyekundu, lakini mkono hulisikia joto lake kabla ya kuigusa.

Mwaka 1967 Eric Becklin, aliyekuwa bado mwanafunzi, pamoja na Gerry Neugebauer, walitangaza kwamba wameona katika Orion nyota yenye nguvu sana kwa infraredi, ambayo kwa nuru ya kawaida haionekani. Leo yajulikana kuwa nyota changa kubwa, iliyozama ndani ya vumbi.

Lakini tuangalie hapa: si kila nyota nyekundu ni changa. Nyota ya kawaida iliyo nyuma ya vumbi nayo huwa nyekundu, kama jua nyuma ya moshi. Kwa hiyo mtafutaji hupiga picha kadhaa, kila moja kwa urefu wake wa wimbi, kisha hupima nguvu ya nyota ile ile katika kila picha. Huondoa hesabu ya wekundu ulioletwa na vumbi la njiani. Kama bado imebaki infraredi ya ziada, yaelekea nyota hiyo imezungukwa na sahani ya vumbi lenye joto. Hata hivyo, nyota nzee zitoazo vumbi na galaksi za mbali zaweza kumdanganya. Hivyo huichambua nuru yake kabla ya kusema neno.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 na yenye kioo cha mita 6.5, imepiga picha za Orion kwa miali hiyo hiyo.

Jua letu lina umri wa miaka milioni 4,600, na utoto wake hatuwezi kuuona tena. Lakini sayari hutengenezwa katika sahani kama hizo. Basi vumbi liifichalo nyota changa ndilo liishuhudialo, nalo hutuonyesha dunia yetu ilivyoanza.