Kabla Nyundo Haijagonga

Mdogo wangu wa Nchiru, barua yako nimeisoma mara mbili. Sacco imekupa mkopo, umeona tangazo la mnada gazetini, na kati ya magari ya benki kuna Range Rover Sport ambayo bei yake imekunyima usingizi. Waniuliza uende au usiende. Nenda. Kupenda gari zuri si kosa, na duka lako hapo karibu na lango la chuo kikuu umelisimamia miaka mingi kwa jua na vumbi. Ila bei uliyoiona ni ya kulitoa gari yadini tu. Ya kuishi nalo haijaandikwa popote.

Magari mengi ya mnada wa benki ni ya watu walioshindwa na mkopo. Sasa niambie, mtu anayekimbizana na deni alitoa wapi pesa za kubadilisha oili kwa wakati? Gari likachoka, likanyang'anywa, likakaa yadini likipigwa na jua. Linauzwa lilivyo, mahali lilipo. Nyundo ikishagonga, huna wa kumlilia.

Hizo Range Rover Sport za mwanzo, zilizoingia sokoni 2005, hazina springi za chuma kama Probox za miraa unazoziona zikipita kutoka Maua. Zinabebwa na mifuko ya hewa inayojazwa na pampu. Mfuko ukivuja, gari huinama pembe moja kama ng'ombe aliyeumia mguu. Kwa hiyo siku ya ukaguzi fika mapema, kabla vijana wa dalali hawajaliwasha, na uweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni baridi na gari limesimama sawasawa, hiyo ni dalili njema. Ikiwa ni moto, wamekutangulia: hewa imeshajazwa na huwezi kujua lilivyolala. Omba lizimwe, kisha urudi jioni ulitazame tena.

Likiwashwa, sikiliza chuma kinachogonga chini ya injini. Dizeli zake za V6 zina sifa mbaya ya kuvunja krenki, na hapo hununui kipuri, unanunua injini. Fundi wako wa Toyota mwache nyumbani, hata kama ni binamu yako. Tafuta anayeshika Land Rover kila siku, mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Na vipuri usitegemee kuvipata Meru mjini. Vingi utaagiza Nairobi.

Nambari ya gari itafute kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kabla hujalipa hata amana. Gari la mkopo kwa kawaida lina jina la benki pamoja na la mkopaji. Mwambie dalali akuonyeshe kwa maandishi nani atakuhamishia umiliki. Akianza kuzungukazunguka, rudi nyumbani na pesa zako.

Mimi na mume wangu tuliwahi kununua gari mnadani. Siku ya kukagua, tairi la akiba lilikuwepo, nililigusa kwa mkono huu. Tulipokwenda kulichukua gari, tairi halikuwepo, na bado tulidaiwa ada ya kuegesha kwa siku tulizochelewa. Nilitokwa na machozi pale langoni. Wewe piga picha kila kitu, hadi jeki, na uulize hiyo ada mapema.

Sasa pesa. Ukiwa na shilingi 1,500,000, mwisho wako ni 1,000,000. Iandike kwenye karatasi, uikunje mfukoni, na bei ikivuka hapo nyamaza, hata aliye kando yako akuchekelee. Hizo laki tano ni za mifuko ya hewa, oili, mikanda na matairi, nazo zitakwisha.

Ukilipata, liegeshe pahali tambarare ulale. Alfajiri, kabla ya chai, toka ulitazame limesimama vipi, kisha uniandikie.