Fort Jesus Isiwe ya Picha Tu

Wadogo zangu, kila likizo ikikaribia, wengi wenu mnapanga safari ya Mombasa, na ngome ya Fort Jesus haikosi kwenye orodha. Vyema sana. Dada yenu nina ombi moja: msipige picha ukutani kisha mkarudi mbio garini. Ipeni ngome asubuhi yenu, halafu mwingie Mji wa Kale kwa miguu.

Fikeni mapema, saa mbili lango likifunguliwa. Jua la Mombasa likishafika utosini halina huruma, na uani mle kivuli ni haba. Bebeni maji, kofia na kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

Chukueni mwongozo, mpatane naye bei kabla ya kuanza. Atawaeleza jinsi Wareno walivyoijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Muulizeni habari za 1696, Waomani walipoizingira karibu miezi 33, na waliokuwa ndani wakaangamizwa na njaa na maradhi. Mwombeni pia awaonyeshe michoro ya meli na watu iliyochorwa na Wareno kwenye kuta. Na mkumbuke kwamba Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Watu waliteseka humo, kwa hiyo tembeeni kwa staha.

Mkitoka, sasa ingieni mitaani. Hapa ndipo ninapowasisitizia zaidi. Wareno walikwenda zao, na Waingereza vilevile, lakini wenyeji wangalipo. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570 hivi, ulitangulia ngome yenyewe, na hadi leo watu wanasali humo. Mkiona ngome peke yake, mtarudi na habari za watawala tu.

Ila vichochoro vile ni nyumbani kwa watu. Salimieni kwanza: mzee aliyekaa barazani mwamkieni shikamoo. Msimpige mtu picha bila kumwomba, hasa akina mama walioketi milangoni mwao. Vaeni nguo za stara. Dada zangu, leso ya kujitanda mabegani haina uzito begini. Adhana ikilia, punguzeni sauti.

Na tumbo nalo lina haki yake. Asubuhi tafuteni mahamri na mbaazi. Jioni, viazi karai vya ukwaju na mishkaki. Nunueni kwa mama anayepika mtaani, ili safari yenu imfae anayeishi pale. Kisha shukeni ufukweni Mama Ngina mkapunge upepo wa bahari, mkila mihogo ya pilipili na kunywa madafu.

Muda ukiwabana, punguzeni saa za kuogelea, msipunguze za mji. Bahari mtaikuta Diani, Malindi na kwingineko; Mji wa Kale wa Mombasa ni mmoja tu. Safari njema, wadogo zangu.